Nazi Inaanguka kwa Kasi Gani?

Mnazi mrefu wa pwani, wa ile mbegu ya kienyeji inayomtoa mkwezi jasho, hufika mita ishirini bila taabu. Nazi ikichomoka kwenye kole kutoka urefu wa mita 19.6, na tukiiacha hewa kando kwa sasa, itatua baada ya sekunde 2. Gawanya 19.6 kwa 2, unapata 9.8. Kasi yake ya wastani basi ni mita 9.8 kwa sekunde, yaani kama kilomita 35 kwa saa: mwendo wa bajaji kwenye mtaa wenye matuta.

Hesabu hiyo haina kosa, lakini mtu akiitumia kupima hatari ya kupita chini ya mnazi atakuwa amejidanganya. Nazi hiyo hugonga ardhi ikiwa na kasi ya mita 19.6 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Ni maradufu ya wastani, na kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, pigo lake ni mara nne ya lile ambalo wastani ungetufanya tulitarajie. Kule juu nako, ilipoachana na kole, kasi yake ilikuwa sifuri. Hiyo 9.8 iliipitia mara moja tu, sekunde 1 baada ya kuchomoka, ikiwa bado mita 14.7 kutoka chini.

Kwa hiyo swali la kichwa cha makala hii halijibiki mpaka liulizwe pamoja na jingine: kuanzia lini hadi lini? Wastani haukai ndani ya nazi. Unakaa ndani ya kipande cha muda ambacho mpimaji amekichagua, na akibadilisha kipande, wastani nao unabadilika ingawa nazi ni ileile na anguko ni lilelile. Hoja yangu ni kwamba kazi ngumu katika suala hili haiko kwenye kugawanya umbali kwa muda, jambo ambalo mtoto wa darasa la sita analiweza. Iko kwenye kuchagua muda. Na hilo ndilo madarasa yetu hulipitia haraka kuliko yote.

Tuanze kwa kulikata anguko vipande vya sekunde mojamoja. Umbali ambao kitu kimeanguka tangu kilipoachiwa hupatikana kwa kuzidisha 4.9 kwa mraba wa muda: baada ya sekunde 1 ni mita 4.9, baada ya 2 ni 19.6, baada ya 3 ni 44.1, baada ya 4 ni 78.4 (mnazi wetu umekwisha zamani, tuseme sasa tuko juu ya jengo refu). Kasi ya wastani ndani ya sekunde ya kwanza ni 4.9, ndani ya ya pili ni 14.7, ya tatu, 24.5, ya nne, 34.3. Kila moja imeipita iliyotangulia kwa 9.8, na huo ndio mchapuko, kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde. Ukigawanya zote kwa 4.9 unabaki na 1, 3, 5, 7: namba witiri, zimejipanga mstari.

Mpangilio huo wa witiri ulimshika Galileo Galilei mapema. Mwaka 1604 alimwandikia barua rafiki yake wa Venice, Paolo Sarpi, akieleza kwamba vipande vya umbali katika muda unaolingana hufuatana kama 1, 3, 5, 7. Matokeo hayo ni sahihi. Lakini katika barua hiyohiyo sababu aliyoitoa ilikuwa mbovu: alidhani kasi ya kitu kinachoanguka hukua sawia na umbali kilioanguka. Dhana hiyo inavutia, kwa sababu umbali unaonekana kwa macho na muda hauonekani. Ila ukiifuatilia kwa hesabu zilizokuja baadaye, inaleta kichekesho: kitu kilichotulia, kwa kuwa hakijaanguka hata kidogo, hakina kasi, na kwa kuwa hakina kasi hakitaanguka kamwe. Nazi ingebaki inaning'inia hewani. Miaka mingi ilipita kabla Galileo hajatulia kwenye kauli iliyo sahihi, kwamba kasi hukua sawia na muda, na akaichapisha katika kitabu chake cha mwisho kilichotoka Leiden mwaka 1638.

Sikisimulii kisa hiki kwa ajili ya kumcheka mtu mkubwa. Kosa hilohilo liko hai katika madaftari ya leo. Irudie nazi yetu, mita 19.6 kwa sekunde 2, na badala ya kuukata muda nusu kwa nusu, kata umbali. Mita 9.8 za juu huchukua sekunde 1.41, na wastani wake ni mita 6.93 kwa sekunde. Mita 9.8 za chini huchukua sekunde 0.59 tu, wastani wake 16.73. Sasa mwanafunzi anajumlisha hizo mbili, anagawanya kwa mbili, anapata 11.83. Jibu la kweli ni 9.8. Kilichomponza ni kwamba kila nusu ya umbali aliipa uzito sawa, ilhali nazi ilikaa katika nusu ya juu muda ulio zaidi ya mara mbili ya ule iliokaa katika nusu ya chini. Angekata muda, mambo yangenyooka yenyewe: sekunde ya kwanza 4.9, ya pili 14.7, katikati yake 9.8. Wastani wa kasi hupimwa kwa saa. Anayeupima kwa futikamba anafanya kosa la 1604.

Kanuni iliyomwokoa Galileo haikuwa yake. Katika Chuo cha Merton, Oxford, karibu mwaka 1335, William Heytesbury na wenzake walikuwa wamekwisha kutamka kwamba kitu kinachoongeza kasi kwa kiasi kilekile kila wakati husafiri umbali uleule ambao kingesafiri kama kingekwenda muda wote kwa kasi yake ya nusu ya muda. Hawakudondosha kitu chochote. Kwao lilikuwa zoezi la mantiki. Baadaye kidogo Nicole Oresme, huko Ufaransa, aliichorea kanuni hiyo picha: muda chini, kasi juu, na mwendo unakuwa pembetatu. Eneo la pembetatu ndilo umbali, na pembetatu hiyo ina eneo sawa na mstatili wenye kimo cha nusu yake. Ukiitazama picha hiyo mara moja huhitaji tena kukariri kwa nini kasi ya wastani ni nusu ya jumla ya kasi ya mwanzo na ya mwisho. Unahitaji kukumbuka tu kwamba upande wa juu ni mstari ulionyooka. Ukipinda, habari imekwisha, tutaona.

Shida ya Galileo ilikuwa saa. Kitu kinachoanguka wima kutoka juu ya nyumba humaliza safari kabla mpimaji wa enzi hizo hajajiweka sawa. Akaipunguza kasi ya anguko kwa kutumia ubao wenye mfereji uliolazwa kwa mteremko mdogo, urefu wake dhiraa 12 hivi, na mpira wa shaba ukiviringika ndani yake. Muda aliupima kwa maji: aliyaacha yachuruzike kutoka chomboni wakati mpira unakwenda, kisha akayapima maji hayo kwa mizani. Alidai kurudia jaribio mara mia na kupata tofauti isiyofika sehemu ya kumi ya pigo la moyo. Wajesuiti wa Bologna walikuwa wakaidi zaidi. Giovanni Battista Riccioli alidondosha tufe kutoka mnara wa Asinelli, wenye kimo cha karibu mita 97, akihesabu muda kwa timazi linalobembea. Na ili alijue timazi lake, aliwaweka watawa wenzake wahesabu mibembeo saa 24 mfululizo. Alianza akiwa na shaka na Galileo, akamaliza akiwa na namba witiri mkononi, akazichapisha mwaka 1651.

Hadi hapa vipande vya muda vimekuwa vikubwa. Swali linalofuata ni lile ambalo mnazi ulikwisha kuliuliza: kasi ya kugonga, kasi ya papo hapo katika sekunde ya 2 kamili, ni ngapi? Kipande cha muda cha papo hapo hakina urefu, na umbali unaopitiwa ndani yake ni sifuri. Sifuri kugawanya kwa sifuri haitupeleki popote. Kwa hiyo tunanyemelea. Wastani kati ya sekunde ya 2 na ya 3 (tujifanye ardhi haipo) ni 24.5. Kati ya 2 na 2.5 ni 22.05. Kati ya 2 na 2.1 ni 20.09. Kati ya 2 na 2.01 ni 19.649. Kati ya 2 na 2.001 ni 19.6049. Tukija kutoka upande wa pili, kati ya 1.9 na 2 ni 19.11. Majibu yanaibana 19.6 kutoka pande zote mbili. Ukiandika urefu wa kipande kama herufi, tuseme m, wastani unaoanzia sekunde ya 2 daima ni 19.6 kujumlisha 4.9m. Kadiri m inavyopungua, ndivyo ile ziada inavyoyeyuka.

George Berkeley, mwanafalsafa aliyekuwa pia askofu huko Ayalandi, aliwashambulia wanahesabu kwa jambo hili hasa mwaka 1734. Mnagawanya kwa m, alilalamika, kwa madai kwamba si sifuri, kisha mkishamaliza kugawanya mnaifanya sifuri, lipi ndilo? Lawama hiyo ilikuwa na haki yake, na wafuasi wa Newton hawakuwa na jibu safi. Lilipatikana karne ya 19, Augustin-Louis Cauchy alipoliweka wazo la kikomo kwenye msingi wa hesabu hizi mwaka 1821: m haifiki sifuri wakati wowote. Tunachosema ni kwamba wastani unaweza kusogezwa karibu na 19.6 kadiri yeyote atakavyodai, kwa kuchagua kipande kifupi cha kutosha. Kasi ya papo hapo, kwa maneno mengine, ni ahadi kuhusu wastani mwingi. Spidomita ya gari inapoonyesha 80, nayo ni wastani wa kipande kifupi fulani.

Kabla ya kuendelea, tazama kipande cha kuanzia 1.9 hadi 2.1, ambacho kina sekunde ya 2 katikati yake. Wastani wake ni 19.6 barabara, bila ziada. Jaribu kutoka 1 hadi 3: 19.6 tena. Kutoka 0 hadi 4: mita 78.4 kwa sekunde 4, 19.6 tena. Mradi mchapuko haubadiliki, kipande chochote kilichowekwa sawa kwa sawa kuzunguka wakati unaoutaka hukupa kasi ya papo hapo bila kunyemelea, kiwe kifupi au kirefu. Ni zawadi kubwa, na haitolewi na mwendo wa aina nyingine yoyote.

Ukubwa wa zawadi hiyo huonekana maabara. Katika sekondari za Kenya na Tanzania anguko limepimwa kwa miaka mingi na kile kifaa ambacho wanafunzi hukiita tika-taima: utepe wa karatasi umefungwa kwenye uzito unaoanguka, na kijichuma kinagonga nukta juu yake mara 50 kwa sekunde kikifuata mapigo ya umeme wa ukutani. Kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kipande kikiwa kifupi jibu linakuwa zuri zaidi atapima nafasi mojamoja. Mahali ambapo kasi imefika mita 1 kwa sekunde, nafasi hiyo ni milimita 20. Rula yake ya kawaida, pamoja na unene wa nukta, inaweza kumpotosha milimita 1 kila ncha, jumla 2: kosa la asilimia 10. Akichukua nafasi tano kwa pamoja, sekunde 0.1, anapima kama milimita 100 kwa kosa lilelile la milimita 2, na asilimia imeshuka hadi 2. Nukta za mwanzo kabisa hata hazipimiki: katika sekunde 0.02 za kwanza uzito umeshuka milimita 2 tu, na nukta zimerundikana kama doa.

Simu za siku hizi zimelikuza tatizo badala ya kuliondoa. Kamera ya kawaida hupiga picha 30 kwa sekunde, na ile ya mwendo wa pole hufika 240. Tuseme mahali pa mpira kwenye picha panasomeka kwa makosa yasiyozidi milimita 2. Kwa picha 30, kasi ya wastani kati ya picha mbili zinazofuatana inaweza kukosewa kwa mita 0.12 kwa sekunde. Kwa picha 240, kosa linafika karibu mita 1 kwa sekunde, kwa sababu milimita zilezile sasa zinagawanywa kwa muda mfupi mara nane. Na ukitaka mchapuko, ambao ni tofauti ya kasi mbili kugawanya kwa muda tena, picha tatu zinazofuatana katika 240 zinaweza kukupa kosa linalozidi 400 penye jibu la 9.8. Kamera bora, matokeo ya hovyo. Dawa ni kuruka picha: tumia zile zilizoachana kwa sekunde 0.2, na kosa la mchapuko linarudi chini hadi 0.2 hivi. Na kwa sababu mchapuko wa anguko fupi haubadiliki, kipande kirefu hakikudanganyi, mradi jibu uliandike kwenye katikati ya muda wake na si mwishoni.

Hapo ndipo kalkulasi ya kitabuni na benchi la maabara zinapogombana, na sioni mitihani ikiugusa ugomvi huo. Mtahiniwa hupewa fomula, hupewa namba, hupewa na kipande cha muda kilichokwisha kukatwa. Kinachobaki ni kubonyeza kikokotoo. Afadhali apewe utepe na aulizwe achague nafasi ngapi, na kwa nini. Hata tahadhari ndogo ya umeme humfundisha mengi: Marekani umeme wa ukutani hupiga mara 60 kwa sekunde, na anayenakili mwongozo wa huko bila kuubadilisha atapata mchapuko wa 14.1 Nairobi au Dodoma, akadhani dunia imeongeza mvuto. Mvuto wenyewe huku kwetu ni mdogo kidogo, 9.78 kwenye ikweta usawa wa bahari, ukilinganisha na 9.83 kwenye ncha za dunia, lakini tofauti hiyo tika-taima haiwezi kuiona.

Kuna jambo la mwelekeo pia, ambalo nitalipitia haraka. Rusha mpira juu kwa mita 19.6 kwa sekunde. Utapanda mita 19.6 kwa sekunde 2, na utarudi mkononi baada ya sekunde 4. Kwa safari nzima, velositi ya wastani, ile inayojali mwelekeo, ni sifuri, kwa kuwa mpira umeishia ulipoanzia. Kasi ya wastani, isiyojali mwelekeo, ni mita 39.2 kwa sekunde 4, yaani 9.8. Zote mbili ni za kweli. Anayeshangaa kwamba mpira uliohangaika vile umepewa sifuri amekichagua kipande chote. Achukue sekunde 2 za kwanza peke yake, na sifuri inatoweka.

Sasa turudishe hewa. Tarehe 14 Oktoba 2012, Felix Baumgartner wa Austria aliruka kutoka kwenye kibebeo cha puto karibu kilomita 39 juu ya New Mexico. Aliporomoka mita 36,402.6 kabla ya mwavuli kufunguka, kwa dakika 4 na sekunde 19. Gawanya: mita 140.6 kwa sekunde, kilomita 506 kwa saa. Lakini kasi yake ya juu kabisa, aliyoifikia ndani ya dakika ya kwanza huko ambako hewa ni nyembamba mno, ilikuwa kilomita 1,357.6 kwa saa, kupita kasi ya sauti. Kisha hewa ikazidi kuwa nzito kadiri alivyoshuka, na badala ya kuchapuka akawa anapunguza mwendo. Mrukaji wa kawaida aliyelala kifudifudi katika hewa ya chini huanguka kwa kama kilomita 200 kwa saa. Mwenye fomula ya nusu ya jumla angechukua sifuri ya mwanzo na hiyo 200 ya mwisho, akatangaza wastani wa kilomita 100 kwa saa, moja ya tano ya ukweli. Upande wa juu wa pembetatu ya Oresme umepinda: umepanda, umefika kilele, umeshuka. Hakuna pembetatu tena, wala ile zawadi ya katikati ya muda.

Umbali kugawanya kwa muda bado unafanya kazi hapa, kwa sababu haukutegemea mchapuko hata mara moja. Kinachobadilika ni nani ana haja na kipande kipi. Aliyeko ardhini akitaka kujua baada ya muda gani aanze kuutafuta mwavuli angani, sekunde 259 zote na ile 140.6 zinamtosha kabisa. Mshonaji wa suti iliyopaswa kuhimili mpito wa kasi ya sauti anataka sekunde chache ndani ya dakika ya kwanza, na hapo wastani wa safari nzima utamwua mtu. Mtengenezaji wa mwavuli anazitaka zile za mwisho, kabla tu ya kamba kukaza.